Nani Mwenye Mstari wa Kati? BIM katika Mradi wa Wanafunzi wa Usanifu wa Barabara

Katika vyuo vya uhandisi vya Afrika Mashariki, BIM (Building Information Modelling, yaani kusanifu na kusimamia taarifa za mradi kwa modeli ya kompyuta) imeingia kwenye mada za miradi ya mwaka wa mwisho haraka kuliko ilivyoeleweka. Mwanafunzi mmoja akisema kundi lake linatumia BIM, anamaanisha kwamba kompyuta zao zina Civil 3D, programu ya kusanifu barabara. Mwingine anamaanisha video ya gari linalopita kwenye barabara ya kompyuta iliyopambwa kwa miti na taa. Wa tatu anamaanisha folda ya mtandaoni ambamo watu wanne wanatupia mafaili yao. Wasimamizi nao hawako pamoja. Wapo wanaoidai katika kila ripoti, na wapo wanaoiona kuwa njia ya kukwepa mahesabu.

Mkanganyiko huu una gharama. Kundi linaloamini kwamba BIM ni programu hutumia nusu ya muhula kujifunza vitufe, halafu siku ya uwasilishaji linagundua kwamba aliyesanifu tabaka za lami alifanya hivyo juu ya mstari wa barabara uliokwishabadilishwa. Swali la kuchambua basi ni hili: usanifu wa pamoja kwa BIM unampa nini mwanafunzi wa barabara, unamdai nini, na katika njia zinazopigiwa debe ipi inafaa mazingira yetu? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Faida kubwa ni makubaliano ya nani mwenye taarifa ipi, na ni wakati gani wenzake wanaruhusiwa kuitegemea. Picha ya pande tatu ni ya kuja baadaye.

Ilikotoka

Wazo la kuliweka jengo kwenye kompyuta kama mkusanyiko wa vitu vyenye sifa zake, badala ya mistari iliyochorwa, lina umri wa nusu karne. Charles Eastman alilifanyia kazi nchini Marekani katika miaka ya 1970, wakati ambapo kompyuta zenyewe hazikuwa na nguvu ya kulibeba. Kilicholiingiza kwenye mikataba ni amri ya serikali. Mwaka 2011 Uingereza ilitangaza kwamba miradi ya serikali kuu italazimika kutumia BIM ya ushirikiano, na sharti hilo likaanza Aprili 2016. Taratibu zilizoandikwa kwa ajili yake ndizo zilizozaa kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za mwanzo zilitoka Desemba 2018.

Anayekifungua kiwango hicho akitafuta maelekezo ya kuchora hatayapata. Kinazungumzia mahali pamoja pa kuhifadhi taarifa, na hali nne ambazo kila faili linapitia. Kwanza ni kazi inayoendelea, ambayo ni ya mwenyewe peke yake. Kisha ni kazi iliyoshirikishwa, ambayo wenzake wanaweza kupangia kazi zao. Inafuata iliyoidhinishwa, na mwisho ni kumbukumbu, ambako matoleo yaliyopitwa yanabaki bila kufutwa. Mazoea ya Uingereza yanaweka hata majina ya matoleo: rasimu ya ndani ni P01.01, P01.02 na kuendelea. Ikishirikishwa inakuwa P01. Ikiidhinishwa kwa ujenzi inakuwa C01. Kundi lenye mafaili yanayoitwa "barabara mpya", "barabara mpya 2" na "barabara mpya ya mwisho" lina tatizo lile lile ambalo kiwango hiki kiliandikwa ili kulimaliza.

Barabara si jengo

BIM ilikulia kwenye majengo, na sehemu ya mkanganyiko inaanzia hapo. Jengo lina vitu vinavyohesabika: mlango, dirisha, nguzo, zege la sakafu. Barabara ni mstari mmoja mrefu ambao kila kitu kingine kinaufuata. Mahali pa kalavati panatajwa kwa kituo kwenye mstari wa kati, tuseme 2+400, yaani kilomita mbili na mita 400 tangu mwanzo wa mradi. Kimo cha lami kinatokana na mwinuko wa mstari huo. Upana wa chini wa tuta unatokana na kimo cha lami na ardhi ya asili iliyo chini yake. Ukiusogeza mstari kwenye kona moja, vituo vyote vya mbele vinahama, na pamoja navyo kalavati, mitaro, alama na orodha ya vipimo vya kazi.

Lugha ya pamoja ya kubadilishana modeli, IFC, ilichelewa kuyabeba haya. Ilipopata hadhi kamili ya ISO mwaka 2013 ilikuwa na kuta na mihimili lakini haikuwa na mstari wa barabara. Toleo la 4.3, lenye mstari wa kati, barabara, reli, madaraja na bandari, lilikuja kuwa kiwango cha ISO mwaka 2024. Kwa miaka yote hiyo watu wa barabara waliishi kwa muundo wa faili wa LandXML, ambayo inabeba vizuri ardhi, mstari na mikato, lakini haibebi akili yote iliyomo ndani ya modeli. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma kitabu cha BIM kilichoandikwa kwa ajili ya majengo, kisha akajaribu kukifuata kwenye kilomita tano za barabara, atakwama bila kosa lake.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Jengo linakaa kwenye kiwanja kimoja. Barabara inavuka wilaya na mikoa, na mifumo ya kodineti inabadilika njiani. Mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaotenganisha kanda ya 36 na kanda ya 37 za mfumo wa ramani wa UTM, unapita mashariki kidogo mwa jiji la Dodoma, hivyo barabara kuu ya kwenda Morogoro ina vipande kwenye kanda zote mbili. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, wakati kipokezi cha setilaiti kinatoa WGS84, na nukta ile ile ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili inaachana kwa karibu mita 300. Vimo navyo vina mtego wake: pwani ya Dar es Salaam, kimo kinachotolewa na setilaiti bila kusahihishwa kinaachana na kimo cha juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20. Mwanafunzi mwenye ramani ya Arc 1960 na mwenzake mwenye vipimo vya WGS84 wakiunganisha modeli zao, mto utapita mbali na daraja, na programu haitalalamika.

Tuta linapopanda sentimita 80

Tuchukue kundi la watu wanne na barabara ya mkoa ya kilomita tano. Wa kwanza ana upimaji na modeli ya ardhi. Wa pili ana mstari wa kati na mwinuko wake. Wa tatu ana maji: kalavati na mitaro. Wa nne ana tabaka za lami na gharama. Kwenye 2+400 kuna bonde lenye kijito cha msimu, na mwenye mstari amepitisha tuta la mita moja. Mwenye maji anakokotoa mafuriko na kuona kwamba kalavati linahitaji nafasi zaidi. Tuta lipande hadi mita 1.8.

Hesabu yake ni ya kalamu na karatasi. Upana wa juu ni mita 10, na kingo zinashuka kwa uwiano wa mita moja kwenda chini kwa mita mbili kwenda pembeni. Tuta la mita moja lina mkato wa mita za mraba 12. Tuta la mita 1.8 lina mkato wa karibu mita za mraba 24.5. Sentimita 80 zimezidisha kifusi zaidi ya mara mbili. Upana wa chini umetoka mita 14 hadi 17.2, kwa hiyo kalavati lenyewe limerefuka kwa mita 3.2. Tena barabara haiwezi kuruka juu kwenye kituo kimoja na kushuka kwenye kinachofuata. Mwinuko utarekebishwa mamia ya mita mbele na nyuma, na vipimo vya kifusi vya sehemu hiyo yote vitabadilika.

Mwenye lami anaguswa pia. Mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa tabaka na vifaa wa mwaka 1999 unapanga udongo wa msingi katika madaraja ya S3, S7 na S15 kwa kufuata nguvu yake. Penye tuta, msingi wa lami ni kifusi kilicholetwa, siyo udongo uliokuwepo. Kifusi kikitoka kwenye shimo lenye udongo mzuri, daraja linaweza kutoka S7 kwenda S15 na unene wa tabaka za juu ukapungua. Gharama iliyoongezeka kwenye kifusi inaweza kurudi kidogo kwenye kokoto.

Na kama kundi lingeamua kulikwepa bonde kwa kuusogeza mstari pembeni? Hapo inaingia sheria. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa nchini Tanzania ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za awali. Mstari ukihama, hifadhi inahama nao, na nyumba ambazo jana zilikuwa nje leo ziko ndani. Mwanafunzi ambaye modeli yake haina mipaka ya hifadhi ataona njia fupi na nafuu. Mwenye mipaka hiyo ataona fidia.

Tazama sasa BIM imefanya nini katika mfano huu. Mahesabu haikuyaboresha, maana yote yanawezekana kwa kikokotoo. Ilichoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba habari ya sentimita 80 inawafikia watu watatu wengine, inabaki na tarehe na jina la aliyeitoa, na kwamba hakuna anayeendelea kujumlisha kifusi cha tuta la zamani. Bila utaratibu, habari hiyo ingepita kama ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, ikafunikwa na jumbe nyingine 30 kabla mwenye gharama hajafungua simu.

Wanaosema misingi kwanza

Kambi ya kwanza inataka kompyuta isubiri. Wahadhiri wake wana hoja nzito, na haifai kuwachukulia kuwa watu wa zamani. Mfano wao wa kawaida ni nusu kipenyo cha chini cha kona: kasi kwa mraba, ikigawanywa kwa 127 mara jumla ya mwinamo wa kona na msuguano wa pembeni. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, mwinamo wa asilimia 6 na msuguano wa 0.14, jibu ni mita 252. Kwa kilomita 60 kwa saa na msuguano wa 0.17, ni mita 123. Aliyeifanya hesabu hii kwa mkono anajua kwamba kupunguza kasi kwa robo kunakata nusu kipenyo kwa zaidi ya nusu, na akiiona barabara ya milimani inayojikunja anaelewa msanifu alikuwa anakwepa nini. Anayebofya anaona alama ya kijani na kusonga mbele. Zaidi ya hapo, vigezo vinavyokuja na programu nyingi vimejengwa juu ya miongozo ya AASHTO ya Marekani, wakati Tanzania ina mwongozo wake wa usanifu wa jiometri ya barabara wa mwaka 2011. Programu haijui iko nchi gani mpaka iambiwe.

Wana hoja ya pili, ambayo ni ya kitaaluma zaidi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania inamsajili mhandisi kwa jina lake mwenyewe. Mhuri una jina moja. Mwanafunzi aliyezoea kwamba kazi ni ya wote anaweza kumaliza chuo bila kuwahi kubeba uamuzi mmoja peke yake.

Udhaifu wa kambi hii ni kudhani kwamba makosa ya usanifu yanatokea ndani ya mahesabu tu. Katika mfano wa kalavati kila mtu alihesabu sawasawa, na bado mradi ungetoka mbovu. Makosa ya aina hiyo yako kati ya mtu na mtu, na hakuna somo la misingi linaloyafikia. Mhitimu anayeingia kwenye mpango wa bodi wa mafunzo ya miaka mitatu kazini, ulioanza mwaka 2003, anakutana nayo mapema: mpima yuko ofisi moja, mtu wa madaraja nyingine, na mabomba ya maji na nguzo za umeme zina wenyewe wasiokuwa chini ya mhandisi mshauri. Kumfundisha kuhesabu peke yake kisha kumtupa huko ni kumwachia nusu ya kazi ajifunze kwa hasara ya mradi wa watu.

Wanaotaka modeli moja hai

Kambi ya pili iko upande wa mbali kabisa. Inataka modeli moja mtandaoni, wanafunzi wote ndani yake, kila badiliko likionekana papo hapo. Mfano wanaoutaja ni Norwei, ambako mamlaka ya barabara ilitoa kitabu chake cha mwongozo wa kazi za modeli, V770, na ambako ilizaliwa Quadri, programu inayowaruhusu watu wengi kufanya kazi ndani ya modeli moja ya barabara. Mvuto wake ni wa kweli. Hakuna kutumiana mafaili, hakuna toleo la zamani lililosahaulika kwenye flashi, na mwenye maji angeona tuta likipanda mbele ya macho yake.

Kikwazo cha kwanza ni cha chombo. Vyuo vyetu vingi vinatumia Civil 3D, na faili la mchoro la Civil 3D huandikwa na mtu mmoja kwa wakati. Wengine wakilifungua wanalisoma tu. Ule uwezo wa watu wengi kuhariri modeli moja, ambao wanafunzi wa usanifu majengo wanausifia kwenye programu ya Revit, haupo hapa. Kundi linaloahidi modeli moja hai kwa Civil 3D limeahidi foleni: mmoja anafanya kazi, watatu wanasubiri zamu.

Kikwazo cha pili nakiona kizito zaidi, kwa sababu hakiondoki hata chombo kikibadilishwa. Kuona kila kitu papo hapo kunamaanisha kuona pia mambo ambayo mwenzako hajayaamua. Mwenye mstari huenda usiku anajaribu kona tatu ili alinganishe. Asubuhi mwenye gharama anajumlisha kifusi cha kona ya pili, ambayo mwenzake alishaitupa lakini hakuifuta. Ile hali ya kwanza ya ISO 19650, ya kazi inayoendelea kuwa ya mwenyewe tu, iliwekwa kwa sababu hiyo: msanifu anahitaji mahali pa kukosea bila kuwaangusha wengine. Mwanafunzi anapahitaji zaidi.

Intaneti nayo si jambo dogo. Njia inayodai muunganisho wakati wote inampa mwanafunzi mwenye bando la kutosha sauti kubwa kuliko mwenzake, na umeme ukikatika maabara inasimama na kundi zima linasimama.

Wanaotaka kila mmoja na modeli yake

Kambi ya tatu iko karibu zaidi na roho ya kiwango cha kimataifa. Kila fani ina modeli yake na mwenyewe wake. Siku iliyopangwa, tuseme kila Ijumaa, kila mmoja anatoa toleo analoliamini. Mratibu anayaunganisha, kundi linatafuta migongano, na kila mgongano unaandikwa kwa kituo, jina la anayepaswa kuutatua na tarehe. Ndani ya Civil 3D hili lina msaada wa moja kwa moja. Ardhi na mstari wa kati vinaweza kukaa kwenye faili la mwenyewe, na wengine wakaviunganisha kama marejeo wasiyoweza kuyahariri. Chanzo kikibadilika, wanapewa taarifa kwamba wanachokitumia kimepitwa. Mwenye maji haugusi mstari. Anaomba ubadilishwe, na ombi linabaki limeandikwa.

Nguvu yake ni kwamba umiliki na wajibu vinakwenda pamoja. Hoja ya mhuri ya kambi ya kwanza inapata jibu, kwa sababu kila uamuzi una mtu. Intaneti ya mara moja kwa wiki inatosha.

Lakini njia hii ina maumivu yake, na watetezi wake huyapita haraka. Kati ya Ijumaa na Ijumaa watu wawili wanaweza kufanya kazi siku sita juu ya dhana zinazopingana. Mratibu hujikuta akifanya kazi isiyo na hesabu za kihandisi za kuonyesha kwenye ripoti, na wanafunzi wengi wanaikimbia nafasi hiyo kwa haki. Modeli ikivuka kutoka programu moja kwenda nyingine kwa LandXML au IFC mara nyingi inafika kama umbo lisilokumbuka lilivyozalishwa, hivyo badiliko dogo linalazimu kurudi kwenye chanzo. Na njia za mafaili zinavunjika: kompyuta ya mmoja imehifadhi mradi kwenye diski D, ya mwingine kwenye folda ya mezani, na marejeo yote yanafunguka matupu. Makundi mengi huacha njia hii kwa sababu ya jambo dogo kama hilo, yakidhani kwamba ni BIM iliyoshindikana.

Ugumu mkubwa zaidi uko mipakani. Mtaro wa pembeni ni wa nani? Umbo lake ni sehemu ya mkato wa barabara, ambao ni wa mwenye mstari. Ukubwa na mteremko wa sakafu yake unaamuliwa na maji. Kama hakuna aliyetajwa, utasanifiwa mara mbili au usisanifiwe kabisa, na mradi unaweza kufika mwisho ukiwa na mitaro mizuri sana inayoishia kwenye tuta bila pa kumwagia maji. Aliyeliona bonde la Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika hahitaji kuelezwa kwa nini swali la maji yanakwenda wapi lisikose mwenyewe. Ningependekeza mwenye mstari amiliki upana na kingo za mtaro, mwenye maji amiliki kimo cha sakafu yake na mahali pa kutokea, na maneno hayo yaandikwe kwenye ukurasa mmoja kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Gharama ambazo hazimo kwenye bango la programu

Leseni si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Autodesk, kampuni ya Civil 3D, inawapa wanafunzi na walimu leseni za bure za masomo, zinazohuishwa kila mwaka na zisizoruhusiwa kwa kazi za biashara. Kikwazo ni kompyuta: Civil 3D inataka Windows na kumbukumbu ya kutosha, na modeli ya kilomita tano yenye ardhi nzito inazilemea laptopu ambazo wanafunzi wengi wanazo. Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure na inatosha kabisa kwa mabonde ya maji na ramani. Kwa mstari na mikato ya barabara, programu za bure bado ziko nyuma.

Gharama inayofichika ni ya data ya ardhi. Kwa kukosa fedha za upimaji, makundi huchukua vimo vya SRTM, vilivyopimwa kutoka angani mwaka 2000 na vinavyopatikana bure kwa nukta zilizoachana kwa takriban mita 30. Kwa kutafuta maji yanatoka wapi, vinafaa. Kwa kifusi havifai, maana kosa lake la kimo linaweza kuwa la mita kadhaa, na tumeona sentimita 80 zinafanya nini. Hatari ni kwamba kwenye kioo cha kompyuta modeli iliyojengwa juu ya SRTM inang'aa sawasawa na iliyojengwa juu ya vipimo vya ardhini. Mchoro wa zamani wa penseli ulionyesha mashaka yake, modeli inayaficha. Kundi linalotumia data hiyo liandike chanzo na kosa lake ndani ya modeli yenyewe, na lisitoe jumla ya kifusi yenye desimali mbili.

Alama zigawanywe vipi

Hapa ndipo ushirikiano unapofia kimya kimya. Ripoti ni ya mtu mmoja mmoja au ya kundi zima, na mizani yote miwili inaharibu. Ya mtu mmoja inamwambia mwanafunzi kwamba muda aliompa mwenzake umepotea. Ya kundi inambeba asiyefanya kazi. Wapo wanaopendekeza kuhesabu mara ambazo kila mmoja ameingiza faili kwenye mfumo, lakini hesabu hiyo huzalisha mafaili tu.

Kuna vipimo viwili ninavyoviamini. Cha kwanza ni swali moja la lazima kwa kila mwanafunzi: onyesha mahali ambapo uamuzi wa mwenzako ulikulazimisha kubadilisha kazi yako, na ueleze ulibadilisha nini. Asiye na jibu hakushiriki, hata kama sehemu yake ni nzuri. Cha pili ni msimamizi mwenyewe kubadilisha sharti katikati ya muhula. Apunguze kasi ya usanifu kutoka kilomita 80 hadi 60 kwenye kipande cha mita 800, au alete matokeo mapya ya udongo, kisha aangalie badiliko linavyopita kutoka modeli moja hadi nyingine kwa wiki mbili. Hakuna ripoti itakayomwonyesha zaidi ya hapo.

Kupima

Kwa kundi la watu wanne au watano wa mwaka wa mwisho, natoa kura kwa njia ya tatu, nikiidai misingi ya kambi ya kwanza: kila mwanafunzi ahakiki kwa mkono angalau kona moja, mkunjo mmoja wa wima au kalavati moja katika modeli, na karatasi hiyo iambatanishwe. Modeli moja hai ningeiacha kwa chuo chenye maabara nzuri, umeme wa uhakika na mwalimu aliyewahi kufanya kazi hivyo, na hata hapo kwa kipande kifupi, kama makutano mamoja, ambapo watu wanne wanagusana kila saa. Kwa mwaka wa tatu naona bora mtu asanifu kilomita moja peke yake, kwa mkono na kwa kompyuta, kabla hajaingizwa kwenye kundi. Na kundi la watu wawili lisijitwishe mratibu na vikao. Majina ya mafaili na hali nne za taarifa vinawatosha, hata kwenye folda ya kawaida ya mtandaoni, ilimradi ni mwenye faili peke yake anayelihamisha kutoka hali moja kwenda nyingine.

Uratibu uzunguke. Kila mmoja aushike kwa majuma kadhaa, ili mzigo wake usimwangukie mtu mmoja na ili kila mmoja aone kazi ya wenzake kutoka juu. Juma la kwanza lisiwe na mchoro wowote: liwe la kukubaliana kanda ya UTM, mfumo wa kodineti, chanzo cha vimo, mpangilio wa folda na mipaka ya umiliki, pamoja na ule mtaro.

Na kama idara ina fedha ya jambo moja tu, ningeipeleka kwenye upimaji kabla ya kompyuta mpya: siku chache za kundi na mashine ya kupimia ardhini, au droni yenye nukta za udhibiti, kwenye bonde la 2+400 na makutano makubwa. Kompyuta dhaifu itachelewesha modeli nzuri. Ardhi mbaya itawafanya wanafunzi wanne washirikiane kwa uaminifu mkubwa juu ya barabara isiyokuwepo.